Kiti cha Kirilo

Leo nakupeleka kwenye ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu kimoja hapa nchini, Jumamosi asubuhi, saa tatu na robo. Viti vimepangwa nusu duara. Mbele ya kila kiti kuna kibao cha karatasi ngumu, kimekunjwa kama paa la nyumba, na juu yake limeandikwa jina la nchi kwa wino mweusi: Brazili, Ethiopia, Hungaria, Japani, Lebanoni, Ujerumani. Nyuma ya vibao wamekaa vijana wa miaka 20, 21, 22. Wamevaa suti. Ukizitazama mabegani unajua zipi zimeshonwa kwa vipimo vya mwenyewe na zipi zimeazimwa kwa kaka. Mlangoni limebandikwa tangazo: Baraza Kivuli la Umoja wa Mataifa, Kamati ya Wakimbizi. Mimi nilialikwa niwe mmoja wa waamuzi.

Nyuma ya kibao cha Hungaria alikaa kijana mwembamba, mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Mwenyekiti alipomwita alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaongea dakika moja na nusu bila kutazama karatasi. Alisema kila dola ina haki ya kulinda mpaka wake. Alisema mwaka 2015 nchi yake ilijenga uzio kwenye mpaka wake na Serbia kwa sababu watu waliingia kwa maelfu bila kuandikishwa. Alikumbusha kwamba tarehe 17 Desemba 2018, mataifa 181 yalipounga mkono makubaliano ya kimataifa kuhusu wakimbizi katika Baraza Kuu, mawili tu yalipiga kura ya kukataa, Marekani na Hungaria, na kwamba nchi yake haioni aibu kwa kura ile. Ukumbi ulikaa kimya. Alikuwa hodari kweli.

Wakati wa chai nikamfuata. Alikuwa amesimama karibu na birika, andazi mkononi, kibao chake amekibana kwapani. Nikamwuliza anatoka wapi.

"Mimi mtoto wa Kasulu, mzee."

Ukisema Kasulu na wakimbizi, msikilizaji, umesema Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakaja Warundi, wengi wao wakikusanyika kwanza katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma mjini. Kijana huyu wakati huo alikuwa darasa la saba. Mama yake aliuza dagaa kwenye soko la jirani na kambi, na wateja wake walikuwa haohao waliokimbia. Wengine waliwahi kulala nyumbani kwao.

"Nilipokuwa nasema pale mbele," akaniambia, "nilikuwa namwona mama."

Nikamwuliza kama anajuta kupangiwa Hungaria. Akafikiri kidogo. Akasema hapana. Kwa wiki tatu amesoma hotuba za wale watu, sheria zao, hofu zao, na sasa walau anajua wanaanzia wapi. Zamani alidhani ni roho mbaya tu.

Nimeona nianze na kijana huyu kwa sababu wapo wanaouliza, na wengine ni wazazi wenye uchungu na ada wanazolipa, mchezo huu una faida gani. Watoto wamekwenda chuo kusoma, wanakaa siku tatu wakijifanya mabalozi wa nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Swali ni la haki.

Mchezo wenyewe si mgeni duniani. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa tangu miaka ya 1920, kabla Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Umoja huo ulipoundwa mwaka 1945 wakahamia huko, na mchezo ukasambaa hadi kwetu. Nairobi, pale Gigiri, zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa, wanafunzi wamekuwa wakikaa kwenye kumbi zilezile wanazokaa mabalozi wenyewe, wakavaa vile visikilizio vya wakalimani masikioni. Huku kwetu ukumbi unaweza kuwa bwalo la chakula lililofagiliwa asubuhi. Kanuni hazibadiliki.

Zinakwenda hivi. Unapangiwa nchi, huchagui. Unaandika waraka wa msimamo, kurasa mbili hivi, unaeleza nchi yako inasema nini juu ya mada. Kikaoni unaomba nafasi kwenye orodha ya wasemaji kwa kuinua kibao. Muda ni sekunde 60 au 90, na mwenyekiti anagonga meza ukipitiliza. Kisha kikao kinavunjwa kwa muda ili wajumbe wakashauriane, na hapo ndipo kazi ilipo: vikundi vinajikusanya pembeni, kalamu zinatoka, rasimu ya azimio inaanza kuandikwa, na kila neno linagombaniwa. Je, tuandike "inazitaka" nchi au "inazihimiza"? Nimeona vijana wakibishana dakika ishirini kwa kitenzi kimoja. Nilifurahi. Mtu aliyewahi kupigania kitenzi kimoja kwa dakika ishirini hatasaini mkataba asiousoma.

Na faida kubwa ni ile aliyoipata mtoto wa Kasulu. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika mabaraza haya kijana analazwa kwenye kitanda cha mwingine kwa nguvu, na anaambiwa awaeleze wenzake kunguni wanang'ata wapi.

Chukua mfano wa karibu. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura kuilaani Urusi kwa kuivamia Ukraini. Nchi 141 zilikubali, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Tazama majirani walivyogawanyika: Kenya ilikubali, Rwanda ilikubali, Kongo ilikubali. Tanzania ilijizuia. Uganda ilijizuia. Burundi ilijizuia. Sasa mpe mwanafunzi Mtanzania kibao cha Kenya. Atalazimika kwenda kuisikiliza hotuba ya balozi Martin Kimani, aliyoitoa kwenye Baraza la Usalama siku chache kabla, tarehe 21 Februari, aliposema kwamba mipaka ya Afrika nayo ilichorwa na wakoloni walioko mbali, na kwamba kama kila mmoja angelifuata kabila lake ng'ambo ya mpaka, hadi leo tungekuwa vitani. Mpe Mkenya kibao cha Tanzania. Naye atalazimika kueleza kwa nini nchi iliyowahi kuvunja uhusiano na Uingereza mwezi Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, ikijua itapoteza mkopo, safari hii imeona kunyamaza ndiyo njia yake. Ataingia katika historia ya kutofungamana na upande wowote, atakutana na Mwalimu Nyerere, atakutana na silaha za ukombozi na waliozitoa. Hakubaliani na kura ile? Vizuri. Lakini kwanza aieleze hadi Mtanzania aliyepo ukumbini atikise kichwa aseme, ndiyo, hivyo ndivyo tunavyofikiri.

Wala tusiseme hawa bado watoto. Salim Ahmed Salim alizaliwa Januari 1942, na mwaka 1964 alikuwa balozi wetu Cairo. Hesabu mwenyewe. Miaka 22, umri wa yule aliyeazima suti.

Basi mchezo naupenda. Ila asubuhi ile, nikiwa na karatasi yangu ya alama mbele yangu, kitu kilinikaa rohoni na hakijatoka. Ukumbini kulikuwa na nchi 40. Wote walizungumza juu ya wakimbizi. Waligawana wakimbizi, waliwahesabu, waliwatafutia fedha, waliwarudisha makwao kwa hiari na kwa heshima, hivyo ndivyo rasimu ilivyosema. Na katika ukumbi mzima hakukuwa na kiti cha mkimbizi. Mtu pekee aliyejua harufu ya kambi wakati wa mvua alikuwa amekaa nyuma ya kibao cha Hungaria, na kanuni zilimkataza kulisema hilo.

Kanuni za mchezo huu zinajua aina moja tu ya mtu, yaani dola. Kila anayeinua kibao ni serikali. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari ya Kirilo.

Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru. Ardhi ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Askari walikuja, nyumba zikachomwa moto, watu wakaondolewa na mifugo yao. Wameru hawakuwa wamekubali. Walikuwa wamekwishasema hapana, kwa barua na kwa vikao, na hawakusikilizwa.

Lakini Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, iliyowekwa chini ya Uingereza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo, katika ibara ya 87, ulilipa Baraza la Udhamini mamlaka ya kupokea malalamiko ya wenyeji. Ibara hiyo ilikuwa kama mlango wa uani. Wameru wakauona. Wakachangishana fedha, wakulima wale na wafugaji wale waliotoka kuchomewa nyumba, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet aende New York. Pamoja naye alikuwa wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda.

Mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Hebu mtazame pale, msikilizaji. Hana kibao. Hana kura. Nchi yake haimo katika orodha ya nchi, na sauti inayoizungumzia imo mikononi mwa mwakilishi wa Uingereza aliyekaa ukumbi uleule. Anachokuja nacho ni habari: tulikaa hapa, tukaondolewa hivi, nyumba zetu zilichomwa. Na wale mabalozi, waliozoea kusikia Tanganyika ikisomwa kutoka kwenye ripoti ya mwaka ya serikali, wakamsikia mtu.

Kamati ikakubali azimio la kutaka ardhi irudishwe. Lilipofika kwenye Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili zilizohitajika. Likaanguka. Kwa hesabu za mabaraza kivuli, Kirilo alishindwa. Asingepewa cheti cha mjumbe bora.

Alirudi nyumbani, akazunguka akiwaeleza watu alichokiona kule: kwamba yuko mkubwa juu ya Mwingereza anayeweza kushitakiwa kwake. Habari hiyo ilitembea. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa Dar es Salaam. Mwaka huohuo ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika ukasema nchi inaweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Machi 1955 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, akaenda New York kwa nauli ya michango, akakaa kwenye nafasi ileile ya mtu asiye na kura, akalieleza Baraza la Udhamini matakwa ya watu wake. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu. Tarehe 9 Desemba 1961 tukapandisha bendera yetu, na siku tano baadaye Tanganyika ikapewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, na kibao.

Tulianza kwenye kiti cha mlalamikaji, ndipo tukafika kwenye kiti cha dola. Chuo chetu cha kwanza cha diplomasia kilikuwa safari ya Kirilo. Na sasa tunapowafundisha watoto wetu diplomasia, tumenunua mchezo uliotengenezwa katika nchi ambazo hazikuwahi kuhitaji kiti hicho, tukauchukua kama ulivyo, na kiti cha Kirilo tukakiacha nje ya mlango.

Atatokea mtu aseme, lakini mchezo unaiga Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa ni wa dola. Ni kweli nusu. Kamati ya Nne bado ipo, na kila mwaka, mwezi wa Oktoba, inawasikiliza walalamikaji kutoka maeneo ambayo hayajajitawala, Sahara Magharibi na mengine. Baraza la Usalama lina kanuni yake ya 39, inayoliruhusu kumwalika mtu yeyote linayeona anaweza kulipa taarifa. Kwa njia hiyo, tarehe 23 Aprili 2019, daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliongea mbele ya wajumbe 15 wa baraza lile juu ya wanawake anaowashona baada ya kubakwa vitani. Bukavu ni mji wa Kiswahili, msikilizaji. Maneno ambayo wagonjwa wake wanamwambia wakiwa kitandani, mengi yake wewe na mimi tungeyaelewa bila mkalimani. Siku hiyohiyo baraza likapitisha azimio namba 2467 juu ya ukatili wa ngono katika vita, baada ya Marekani kutishia turufu na maneno kadhaa kufutwa. Nani anajua kama lingepita bila yeye kusema kwanza? Mimi nasema tu kwamba alisema kwanza, kisha kura ikapigwa.

Kwa hiyo kiti kipo. Waandaaji wetu ndio hawakiweki.

Haya yote nilimwambia yule kijana wa Kasulu kwenye birika la chai, kwa ufupi, maana kengele ilikaribia. Hakuwa amewahi kumsikia Kirilo. Alitoa simu akaandika: Kirilo Japhet, Ngarenanyuki, 1952. Akaniuliza kama kuna kitabu. Nikamwambia kipo, walikiandika Kirilo mwenyewe na Seaton, kilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Akarudi ndani, na jioni, kura ilipopigwa, akainua kibao cha Hungaria akapinga rasimu, kama wajibu wake ulivyomtaka.

Kabla sijaendelea, neno juu ya lugha, kwa sababu nililiona siku ileile. Hotuba zote zilikuwa za Kiingereza, hivyo ndivyo kanuni za mashindano zilivyotaka. Lakini kikao kilipovunjwa kwa mashauriano, mara tu vijana walipofika ukutani na kuinama juu ya karatasi, Kiswahili kikaanza. "Wewe Brazili, hebu ngoja, hiyo ibara ya tatu mnatubana." "Sasa nyie Ujerumani mkitoa hela, sisi tutapokea watu." Mapatano yote ya siku ile, kila ibara iliyopona, yalifanyika kwa Kiswahili. Kisha wakarudi vitini kuyatafsiri. Msichana mmoja aliyekuwa moto kwelikweli pale ukutani, aliyewapatanisha watu sita wenye vichwa vigumu, alipofika kwenye kipaza sauti akawa mtu mwingine, anahesabu maneno kama anayevuka mto kwa mawe. Alama zilitolewa kwa kipaza sauti. Karatasi yangu ya uamuzi haikuwa na safu ya ukutani, nami niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba ndiyo kanuni.

Kanuni ya nani? Umoja wa Mataifa wenyewe una lugha rasmi 6, na kanuni ya 53 ya Baraza Kuu inamruhusu mjumbe kusema kwa lugha nyingine yoyote ilimradi alete mkalimani wake. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi Februari 2022. Jumuiya ya maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika, SADC, ilikipokea Agosti 2019, mkutanoni Dar es Salaam. Chuo kikifanya baraza kivuli la Umoja wa Afrika leo na kuwakataza vijana Kiswahili, kinaigiza umoja usiokuwepo. Nawasihi walimu wenzangu walifikirie hili. Kiingereza wajifunze, tena sana, hakuna anayekataa. Ila wapewe nafasi ya kubishana hadharani kwa lugha wanayoweza kubishana nayo, waipate na ile misamiati: rasimu, ibara, wadhamini wa azimio, hoja ya utaratibu, kura ya turufu, kujizuia. Misamiati hii ipo, inatumika bungeni kila siku. Inasubiri vinywa vya vijana.

Na gharama nazo. Nimeona wanafunzi wakiombwa ada ya ushiriki, nauli, malazi, na bado wakaambiwa wavae suti. Wa vyuo vya pembezoni wanabaki. Chumba cha kukutania kinaweza kupatikana bure na chai ikapikwa na wanafunzi wenyewe. Hilo nalisema nikipita, maana linarekebishika.

Miezi minane baadaye simu yangu ikaita. Ni yule kijana. Sasa wao ndio waandaaji, chuoni kwao, baraza dogo la siku moja, nchi 25, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. "Mzee, tumeweka kiti," akasema. "Njoo uone."

Nikaenda. Kwanza walifikiria kumleta mkimbizi kutoka kambini, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali kingechelewa. Wakampata mzee mmoja aliyekulia Ulyankulu, mkoani Tabora, moja ya makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Alivushwa mpaka mgongoni mwa mama yake. Sasa anaishi mjini na anafanya kazi ya useremala. Kiti chake kilikuwa cha mbao, cha kawaida, kimewekwa peke yake katikati ya ukumbi, bila meza na bila kibao.

Mwenyekiti akasoma kanuni mpya waliyoitunga: kabla rasimu yoyote haijapokelewa, kamati itamsikiliza mlalamikaji kwa dakika 15, kwa lugha anayoitaka, na mjumbe yeyote atakayeulizwa naye swali sharti ajibu.

Mzee alitoa bahasha mfukoni. Ndani ya bahasha kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni cheti cha uraia. Akakishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika picha. Alisema alikuwa mkimbizi kwa miaka 42. Alizoea kuitwa hivyo hata na rafiki zake, bila ubaya, kama mtu anavyoitwa fundi. Mwaka 2014 akapewa karatasi ile pamoja na wenzake wengi, na siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kitandani na mkewe, wakaiangalia hadi taa ikaisha mafuta. Idadi yao ilikuwa zaidi ya 162,000. Hiyo niliisoma baadaye mwenyewe, yeye hakuitaja. Alitaja mbegu za tumbaku walizogawiwa. Alitaja mwalimu wake wa darasa la kwanza, mwanamke wa Kinyamwezi, aliyemfundisha kusema "r" na "l" kila moja mahali pake.

Vijana waliacha kuandika.

Kisha akageuka kwenye kiti, taratibu, akawa anasoma vibao kimoja kimoja, midomo ikitikisika.

"Hungaria ni nani hapa?"

Msichana aliyekaa mwisho wa safu ya pili akasimama. Safari hii yeye ndiye aliyepangiwa. Asubuhi nzima alikuwa amewaita wenzake waheshimiwa wajumbe, na wenzake wamemwita mheshimiwa. Akafungua mdomo, akasita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina ugomvi na uzio wako. Mtu ana haki ya kufunga mlango wake usiku. Nakuuliza hivi: yule aliyebaki nje, umemwambia aende wapi?"

Msichana akatazama waraka wake wa msimamo. Akaugeuza ukurasa wa pili. Simu ya mwenyekiti, iliyokuwa mezani ikihesabu sekunde, ilibakiza dakika moja na kitu. Yule mtoto wa Kasulu akaichukua, akailaza kifudifudi, akasubiri pamoja nasi.